Roshani ya Mama Mkwe

Wiki iliyopita, kwenye safu hii, niliwaacha mkinicheka. Najua mlinicheka, kwa sababu hata muuza magazeti wa kona yetu alinipa nakala yangu huku ameuma midomo.

Kwa aliyekosa: mimi ni fundi wa mapazia. Mwezi huu nilitoboa bomba la maji kwa msumari wa kutundikia picha, nikamwambia mke wangu kwamba bomba limepasuka lenyewe. Akaukuta msumari ndani ya bomba. Mke wangu anafanya kazi maabara ya hospitali. Kazi yake ni kutazama tone moja la damu na kujua mwili mzima unaficha nini. Mimi nilikuwa mwili mzima. Sikumsumbua hata kidogo.

"Uongo mmoja tu tena," aliniambia, "utahamia dukani ukalale na mapazia yako."

Nikaapa kwa mikono miwili.

Leo nakiri. Wakati naapa, uongo mwingine ulikuwa umekwisha kutundikwa ukutani, tena mkubwa, una fremu ya mbao na kioo.

Mama mkwe aliletwa kwetu baada ya kuteleza bafuni na kuumia nyonga. Tulimpa chumba cha mbele, chenye dirisha kubwa na mapazia niliyoyashona mwenyewe. Mapazia hakuyatazama. Alikaa kwenye kiti chake, uso kwa uso na ukuta mtupu. Chakula anaonja vijiko viwili, sahani inarudi. Ukimwamkia anaitikia kwa kichwa.

"Chumba kama wodi," mke wangu alisema. "Hata mimi ningekuwa bubu humu. Tuweke picha."

"Picha gani?"

"Za majumba ya zamani. Mama amekulia kwenye majumba ya zamani."

Hadithi hiyo naijua tangu uchumba. Mama mkwe alizaliwa katika jumba la ghorofa tatu, mtoto wa pekee wa mwenye nyumba, na jumba lilikuwa na roshani ya mbao iliyochongwa kama kitambaa cha kufuma. Mtaa wote ulibomolewa kupisha barabara. Haikubaki picha hata moja. Mke wangu amelelewa na roshani ile kama watoto wengine wanavyolelewa na methali.

Mdomo wangu, Mungu anisamehe, ukanitangulia.

"Nitamtafutia picha ya mtaa wao. Wenyewe hasa."

Mke wangu alinitazama kwa namna ambayo hakuwa amenitazama tangu siku ya harusi. Ningerudi nyuma vipi?

Nilikwenda kwa mtu mmoja anayetengeneza fremu, tunamwita Fundi Kioo. Duka lake limejaa chapa za miji ya kale: makuba, madaraja, minara, ngazi, malango, hata ramani za majumba zilizochorwa kwa wino mwembamba kama unywele. Dunia nzima imeegemezwa ukutani.

"Nataka mtaa wa kale uliobomolewa," nikamwambia.

"Mtaa gani?"

"Uliobomolewa."

"Bwana, iliyobomolewa ninayo mingi. Chagua."

Nikachagua. Picha kubwa, nyeusi na nyeupe. Njia nyembamba, nyumba ndefu zimeinamiana kama wasengenyaji, tao moja mwisho kabisa. Na kushoto, ghorofa ya tatu, roshani ya mbao iliyochongwa. Chini kulikuwa na mistari miwili ya maandishi ya kigeni na mwaka.

"Haya maandishi yanaweza kufichika?"

Fundi Kioo akainua nyusi. "Ile karatasi nene inayozunguka picha, tukiishusha kidole kimoja, maandishi yatalala chini yake. Lakini mtu anayeficha jina la picha ana lake jambo."

"Ni urembo tu."

"Haya, urembo." Akachukua penseli yake. "Atakayeitazama anakaa au anasimama?"

"Anakaa."

"Basi itundike chini. Watu wanatundika picha kana kwamba wageni wao ni twiga."

Nikachukua na nyingine nne ndogo za korido, ili ile kubwa isionekane mpweke: daraja, kuba, lango na ngazi ya kuzunguka. Nilizipanga sakafuni kwanza, nikazihamisha hamisha mpaka zikakaa kama ndugu. Nilitundika zote bila kutoboa kitu chochote chenye maji; bomba lilikuwa bado linanisubiri.

Ndipo tukamrudisha mama mkwe chumbani, maana mchana ule tulimkalisha sebuleni.

"Mama," nikasema, "mtaa wenu huo."

Alitazama. Alitazama mpaka nikasikia saa yangu ya mkononi. Siku kumi na moja hakuwa amesema neno zima.

"Nisogezeeni kiti," akasema.

Tukasogeza. Akainua kidole.

"Ile pale. Roshani yetu."

Mke wangu alinikumbatia akalia shingoni mwangu. Ndugu msomaji, ungekuwa wewe ungesema ukweli saa ile? Haya, basi usinihukumu.

Tangu siku hiyo mama mkwe akarudi duniani. Akala. Akaomba chumvi. Akalaumu mshono wa mapazia yangu. Majirani wakaja kutembezwa mtaa ule kwa ncha ya fimbo: hapa kisima, hapa kwa fundi saa, pale dirisha la chumba changu cha kulala.

Siku moja mke wangu akauliza, "Mama, mbona mapaa meupe hivi?"

Mama mkwe hakusita. "Chokaa. Mwaka ule mtaa mzima tulipaka chokaa juu ya mapaa, kupunguza joto."

Mke wangu akaandika kwenye daftari. Chokaa, mapaa, joto. Alikuwa ameanza kuandika kila kitu, na mtu akianza kuandika, jueni kuna mahali anapeleka.

Jumatano alirudi kutoka kazini anang'aa.

"Leo nimempima damu msanifu majengo. Anatayarisha maonyesho ya makumbusho kuhusu mitaa iliyobomolewa. Nimemwambia tuna picha, na tuna mama. Karibu aruke na sindano mkononi! Jumamosi saa nne anakuja."

Chai ilinipalia.

Ijumaa nilijaribu kuishusha ile picha. Nikasema kioo kina vumbi, nikakisafishe dukani. Mama mkwe akaweka fimbo yake kati yangu na ukuta.

"Futa hapo hapo ilipo," akasema. "Haitoki humu."

Jumamosi saa nne kamili, hodi.

Msanifu alikuwa mtu mwembamba, miwani juu ya paji la uso, na kwapani ana mrija mrefu wa karatasi ngumu. Alipita korido yangu kama mtu anayesalimia jamaa zake.

"Aa, daraja hili! Na lango hili... nani amepanga hizi? Zimekaa vizuri."

Jasho likaanza safari mgongoni. Anajua daraja, anajua lango. Njia ya mwongo ni fupi, walisema. Yangu ilikuwa na urefu wa korido.

Tukaingia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, lakini usinizibie."

Mke wangu akainyoosha mikono kuelekea ukutani kama anayemtambulisha bibi harusi. Msanifu akashusha miwani machoni. Akaitazama picha. Kisha akanitazama mimi. Kisha picha.

"Ni mume wako aliyeipata?"

"Ndiye," mke wangu akasema kwa fahari.

"Ana jicho."

Mke wangu akaenda kuchemsha chai na kukaanga maandazi. Msanifu akanigusa kiwiko, tukatoka koridoni.

"Ndugu yangu," akanong'ona, "ile ni theluji."

"Ni chokaa."

"Chokaa?"

"Ilipunguza joto."

"Chokaa imefika mpaka kwenye kofia ya yule mtu?"

Kuna mtu? Nikachungulia mlangoni. Kweli, chini ya tao kulikuwa na mtu mdogo, kajikunyata ndani ya koti, kofia nyeupe pee. Wiki tatu nimeifuta picha ile kwa kitambaa na sikuwahi kumwona.

Nikamwambia yote. Ukuta mtupu, vijiko viwili, mdomo wangu, karatasi ya Fundi Kioo. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniumiza.

"Sikuja kumuumbua mtu," akasema. "Tatizo ni hili." Akapiga mrija wake kwa kidole. "Kabla ya kubomoa mtaa ule, wapimaji walichora sura ya mbele ya kila nyumba. Mchoro ulipotea stoo miaka yote hiyo. Nimeuleta ili mama anionyeshe nani aliishi wapi."

"Mchoro wa kweli?"

"Mlango kwa mlango."

"Mwonyeshe wiki ijayo."

"Wiki ijayo unakwenda kwa mchapaji. Kisha unatundikwa makumbusho, kila mtu aone."

"Mnanong'ona nini huko?" Sauti ya mama mkwe ikatufuata. "Mimi nimeumia nyonga, si masikio!"

Tukaingia kama wanafunzi waliochelewa. Na hapo, sijui nguvu nilizipata wapi, nikapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Mama, nisamehe. Mtaa huo si wenu. Ni mji wa mbali huko, wa watu wengine. Nilificha jina lake."

Mama mkwe akanitazama kwa huruma, ile anayotazamwa mtu aliyevaa shati ndani nje.

"Kwani ulidhani sijui?"

Nikageuka kumtazama msanifu.

"Nina macho ya uzee, sina upofu. Mtaa wetu ulikuwa unapinda. Huu umenyooka kama rula."

"Na... na chokaa, mama?"

"Mwanangu aliniuliza ghafla! Ulitaka niseme nini? Nani duniani amepanda juu ya paa kupaka chokaa mtaa mzima? Nilidhani angalau wewe utacheka. Nikakuona umeitikia kwa kichwa, umeafiki."

Msanifu akakohoa. Nadhani alikuwa anameza kicheko.

"Sasa mama," nikasema, "kama ulijua, kwa nini?"

Alielekeza fimbo kwenye ule mrija. "Fungua huo kwanza."

Tukautandaza mchoro juu ya kitanda, ncha moja tukaikandamiza kwa kandambili, nyingine kwa bilauri. Ulikuwa mrefu kuliko kitanda. Nyumba kwa nyumba, mlango kwa mlango, kila dirisha na vioo vyake, mistari safi ya mtu aliyejua kwamba anachochora hakitakuwepo mwakani.

Tulimsogeza mama mkwe na kiti chake. Kidole chake kikashuka kwenye karatasi, kikaanza kutembea.

"Kwa fundi saa," akasema. Sauti ilikuwa nyingine, ndogo. "Kwa mshona viatu. Huyu alikuwa na mbwa mkali. Hapa njia inapinda, mnaona?"

Kikafika kwenye jumba la ghorofa tatu. Roshani ilikuwepo! Imechongwa kama kitambaa cha kufuma, vile vile alivyosema siku zote. Msanifu akatoa kalamu.

Lakini kidole hakikusimama kwenye roshani. Kilishuka. Kikapita madirisha, kikapita mlango mkubwa, kikaenda pembeni kwenye kilango kidogo ambacho mchoraji hakukihangaikia, mistari mitatu tu.

"Huku," akasema. "Uani. Mama yangu alikuwa anafua nguo za jumba hili. Mimi nimezaliwa chumba cha kufulia."

Jikoni vikombe vilikuwa vinagongana.

"Roshani nimeiona kutoka chini, katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Nilipanda mara moja tu maishani. Nikashushwa kwa sikio."

"Na baba yako?" msanifu akauliza taratibu.

"Sikuambiwa. Nikazoea." Akavuta pumzi. "Mwanangu alipokuwa darasa la pili alirudi analia. Wenzake wamemcheka viatu. Nikamwambia, kesho waambie mama yako alizaliwa kwenye roshani. Ulikuwa uongo wa siku moja, mkwe wangu. Wa kumvusha siku moja tu. Sasa una miaka arobaini."

Akaigeukia picha yangu ukutani.

"Ulipoileta hiyo nikashukuru. Ingekuwa ya mtaa wetu kweli, ingenionyesha mlango wangu kila siku. Hii haina mlango wangu. Humo ningeweza kukaa popote nilipotaka."

Sikujua nicheke au nilie. Wiki tatu nimekosa usingizi kwa kumdanganya bibi mzee, kumbe bibi mzee alikuwa ananidanganya mimi, tena kwa ustadi.

"Ukunje huo," akamwambia msanifu. "Mwanangu asiuone."

Msanifu hakuukunja. Alikuwa amevua miwani, anaifuta, anaivaa, anaivua.

"Mama, kuna jambo. Nilidhani litakuwa zawadi."

"Lipi?"

"Nimempata mtu wa jumba hili. Binti wa mwenye nyumba, yuko hai. Nilipomwambia kuna mwenzake aliyekulia kwenye roshani ile, hakutaka hata kupigiwa simu. Amesema anakuja mwenyewe."

"Lini?"

"Leo. Saa tano."

Sote watatu tukaitazama saa. Ilikuwa saa tano kasoro dakika nne.

"Mwambieni nimelala," mama mkwe akasema, akavuta kanga mpaka kidevuni. "Mwambieni nimekufa."

Mimi nilikwenda jikoni. Sikupanga. Miguu ilikwenda, na mdomo, kwa mara ya kwanza, ulifuata.

"Mke wangu, ile picha si ya mtaa wa kina mama. Niliinunua kwa sababu ya roshani tu. Jina nililificha. Na yale meupe ni theluji."

Alikuwa ameshika birika. Akaliweka chini polepole, kama mtu anayeweka sampuli.

"Rudia."

"Theluji."

"Uliapa. Mbele yangu. Na picha ilikuwa tayari ukutani?"

"Ilikuwa tayari ukutani."

Alifungua mdomo, na nilijua mapazia yangu yananisubiri dukani. Ndipo hodi ikapigwa.

"Usiondoke hapo," akaniambia, na kwenda kufungua.

Bila shaka niliondoka.

Mgeni alikuwa mama mtu mzima, mdogo kidogo kuliko mama mkwe, gauni refu la kijivu, mgongo umenyooka. Mke wangu alimpokea kwa tabasamu alilolitoa kwenye akiba.

"Karibu, mama. Umekuja kwa ajili ya maonyesho?"

"Nimekuja kumwona aliyekulia nyumbani kwetu. Mimi ni binti wa mwenye jumba lile, lenye roshani."

Nikaliona lile jicho la maabara likifunguka.

"Binti wa mwenye jumba? Mwenye jumba alikuwa babu yangu. Na mama alikuwa mtoto wa pekee."

Mgeni alipita korido, akapita daraja na kuba na lango bila kuvitazama, akasimama mlangoni mwa chumba cha mbele.

Mama mkwe alikuwa ameshusha kanga. Alikuwa ameketi wima, mikono juu ya fimbo. Sijawahi kumwona amenyooka vile tangu aumie.

"Mwanangu, njoo ukae," akamwambia mke wangu. "Usimlaumu mumeo kabla hujanilaumu mimi. Roshani haikuwa yangu. Ilikuwa ya huyu. Mimi ni mtoto wa mfua nguo, nimezaliwa uani. Nilikudanganya ukiwa mdogo, kisha nikakosa mahali pa kushukia."

Mke wangu hakukaa. Aliutazama mchoro kitandani, akamtazama mama yake, na macho yakamjaa. Nilitaka kumshika mkono, nikakumbuka kwamba mimi pia ni mshtakiwa.

"Viatu," akasema. "Ilikuwa ile siku ya viatu."

"Ilikuwa siku hiyo."

Mke wangu akapiga magoti nilipopiga mimi nusu saa kabla, akakiweka kichwa mapajani mwa mama yake. Nikadhani mambo yameishia hapo. Nikadhani hata mimi nitasamehewa kwenye mkumbo huo huo.

Lakini mgeni alikuwa bado amesimama mlangoni, anatikisa kichwa.

"Mtoto wa mfua nguo," akasema. "Hivyo ndivyo tulivyoambiwa sisi sote wawili."

Mama mkwe akainua uso.

"Mlipoondoka mtaani, mzee alituma watu kila mahali. Mama yangu hakujua, mimi nilijua, kwa sababu ndimi niliyemwandikia barua zake." Akakaribia kiti, akainama mpaka nyuso zao zikawa sawa. Msanifu aliona nilichokiona mimi, maana kalamu ilimdondoka: paji lile lile, kidevu kile kile. "Dada, baba yetu alikuulizia mpaka siku aliyokata roho."

Mkono wa mama mkwe ulisimama juu ya nywele za mwanawe.

"Yetu," akasema polepole. "Yetu mimi na nani?"